Shajara ya kitanda kifupi: inchi 9 za ziada katika chumba cha kupanga, Buruburu

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu mrefu mwenzangu aliyepanga chumba chenye kitanda cha mwenye nyumba. Bei zote ni za shilingi za Kenya na ndizo nilizolipa mimi. Wewe huenda ukapunguziwa kuliko mimi, maana lafudhi yangu ya pwani huwaambia wauzaji wa soko la Gikomba, hapa Nairobi, kwamba mgeni amefika.

Aprili 5, 2025: Vipimo

Nina futi 6 na inchi 4, yaani inchi 76. Kitanda nilichokikuta humu ni cha futi 4 kwa 6, na godoro lake lina inchi 72 kamili. Wengine wenye shida hii hutoa miguu nje wakalala. Mimi siwezi, kwa sababu ubao wa miguuni umepanda inchi 10 juu ya godoro kama ukuta. Ninalala nimejikunja kama kamba wa baharini, na magoti yamekwisha kulalamika.

Chumba ni cha nyuma ya nyumba kubwa, kile cha mtumishi wa nyumbani ambacho Nairobi yote inakiita SQ. Nilikipenda kwa kodi na kwa kuwa kina vyombo: kitanda, godoro, meza, kiti na kabati. Masharti ya mama mwenye nyumba ni mawili. Kodi kabla ya tarehe tano, na kitanda kisitobolewe, kisikatwe, kisitolewe nje. Ni cha mvule, alimchongeshea kifungua mimba wake ambaye sasa yuko ng'ambo, na akija likizo hulala humu. Kwa hiyo wazo la kwanza la kila mtu, "nunua kingine", limekufa kabla ya kuzaliwa. Cha kwake ningekiweka wapi?

Hata hivyo nimezunguka maduka ya fanicha nione. Nimegundua jambo ambalo miaka yote sikuwa nimelitilia maanani: vitanda vyetu huuzwa 3½ kwa 6, 4 kwa 6, 5 kwa 6, 6 kwa 6. Ukilipa zaidi unaongezewa ubavuni, miguuni hubaki futi 6 ileile. Yapo magodoro yanayoitwa ya futi 6 ambayo ukiyapima yana inchi 75, lakini hata hayo hayanifikii kisigino.

Kabla sijaendelea, majina. Mafundi wa hapa husema "reli" kwa zile mbao mbili ndefu za ubavuni. Bibi yangu Malindi huziita mifumbati, zile fupi za kichwani na miguuni vitakizo, na miguu ya kitanda matendegu. Nitatumia maneno ya bibi. Mbao za kulazia godoro ni chaga.

Vipimo vyenyewe: ndani ya kitanda, kutoka kitakizo hadi kitakizo, inchi 73. Nje kwa nje, inchi 78. Chumba kina urefu wa futi 10. (Kipimo kimoja nilikisahau. Utakiona Mei 10.)

Aprili 12: Stuli na sponji

Jaribio la bei nafuu. Nilikuta kwamba kitakizo cha miguuni kimeshikwa na bolti mbili tu, moja kila tendegu, na nati imefichwa ndani ya mfumbati. Nilidhani nikikilegeza kitainama kidogo nipitishe miguu. Hakiinami. Kikitoka, mifumbati haina cha kuegemea upande huo.

Basi nikakirudisha, nikainua godoro kwa mito na blanketi hadi lilingane na ukingo wa kitakizo, halafu nikaweka stuli upande wa pili na kipande cha sponji juu yake. Sponji nilikata Gikomba: inchi 48 kwa 12, unene 8, shilingi 900. Nilichagua mpya. Vilikuwapo vipande vilivyotolewa kwenye magodoro ya zamani kwa nusu ya bei, na muuzaji akaapa kwamba ni visafi, lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sponji je?

Nililala juu ya mlima ule usiku mmoja na nusu. Ukingo wa mvule unakata misuli ya nyuma ya mguu hata ukiufunika kwa taulo, na stuli hutembea. Jaribio limefungwa. Sponji imebaki, na ndiyo kitu pekee cha siku hii kilichofika mwisho wa mradi.

Aprili 19: Viungio

Fundi wa kando ya barabara alikuwa na wazo lililonivutia kwa sababu lilikuwa dogo. Tutoe kitakizo cha miguuni, tuunganishe kipande cha inchi 12 kwenye ncha ya kila mfumbati, halafu kitakizo kirudi mbele ya vipande hivyo. Kwenye ncha zile tayari kuna matundu ya bolti, hivyo mvule hautobolewi. Mbao 350, bolti nane za 40 kila moja, ufundi 600. Jumla 1,270.

Sikumwambia mama mwenye nyumba. Niliona si lazima, hakuna kilichotobolewa.

Kilionekana kizuri sana. Nilikipiga picha.

Aprili 22: Kimeanguka

Saa nane usiku nilijigeuza, nikasikia mlio kama tawi linavunjika, miguu ikashuka sakafuni na godoro likanifuata.

Hakuna kilichovunjika, na hapo ndipo penye somo kwa anayetaka kuiga. Mfumbati mzima hubeba uzito kwa kuegemea ncha zake mbili. Ukiukata au ukiuunganisha katikati ya safari, pale kwenye kiungo panakuwa bawaba. Bolti moja kwa kila kiungo haizuii kitu kuzunguka. Huzuia kisitengane tu. Upande wa juu wa kiungo ukajibana, wa chini ukafunguka, kitanda kikajikunja kama kisu cha mfukoni.

Fundi hakukubali kushindwa. Aliongeza tendegu la muda chini ya kila kiungo, 300 kwa yote mawili. Sakafu ya humu ni saruji iliyosawazishwa na mtu mwenye haraka, kwa hiyo tendegu moja lilikuwa likielea. Nikakunja kadibodi nikaliwekea. Kila nilipojigeuza kadibodi ilitoka. Na kidole kidogo cha mguu wa kulia kimegonga tendegu lile mara nyingi kuliko ninavyotaka kuandika.

Aprili 27: Nimekamatwa

Kilianguka tena. Safari hii mama mwenye nyumba alisikia. Asubuhi alikuja mlangoni na kikombe cha chai mkononi.

"Kijana wangu, usiku ni nini ilianguka huku nyuma?"

Nikajaribu kueleza. Akaingia, akakiona kitanda kimelala chali, mifumbati yake miwili sakafuni, viungio vya saiprasi vimetapakaa. Nilijua dipoziti yangu imekwenda. Akainama akapitisha kidole kwenye ncha za mvule, moja baada ya nyingine, akitafuta tundu jipya. Hakulipata.

"Sasa wewe unaongeza vipande kwa nini?"

"Mama, kitanda ni kifupi. Nataka kiwe kirefu."

"Naona. Lakini urefu si ni hizi mbao mbili tu? Toa zangu weka pembeni, tengeneza zako ndefu. Ukienda unanirudishia zangu."

Akanywa chai yake.

Nilikaa na mbao zile mbele yangu wiki tatu na sikuziona. Urefu wa kitanda cha bolti uko kwenye mifumbati miwili peke yake. Vitakizo havijui viko mbali kiasi gani. Nilimpigia bibi kumweleza, akacheka: vitanda vya kamba vya zamani ndivyo vilivyo, mfumbati unachomekwa kwenye tundu la tendegu, ukitaka kirefu unachonga mwingine. Kumbe kila mwanamke mzee ninayemfahamu alikuwa na jibu, ila sikuuliza.

Masharti mapya ya mama: mifumbati yake isiende nje ya lango, isiguse sakafu yenye maji, na bolti zisipotee. Nimeiandika kwa chaki K ya kushoto na L ya kulia, nikaifunga kwa gunia na kuisimamisha nyuma ya kabati.

Mei 10: Mifumbati mipya, na mlango

Nilikwenda Gikomba upande wa mbao. Muuzaji alinipa historia fupi ya bei: marufuku ya kukata miti kwenye misitu ya serikali iliyoanza Februari 2018 ilipandisha kila kitu, na ingawa iliondolewa Julai 2023, bei, kwa maneno yake, "hazikupata habari". Mvule hata sikuuliza mara ya pili. Nilichukua saiprasi ya 6 kwa 2, vipande viwili vya futi 8, shilingi 75 kwa futi: 1,200. Vijiti vya 2 kwa 2 vya kugongomea ndani ili chaga zipate pa kukaa, futi 14, 420. Chaga mbili za ziada, 320. Skrubu 120. Kuzisafirisha 250 kwa bodaboda, baada ya makanga wa matatu ya 58 kuziangalia na kuniuliza kama nazilipia nauli kila moja.

Fundi alikata mifumbati kwa inchi 85, yaani inchi 12 zaidi ya ile ya zamani, akatoboa matundu ya bolti kwa jicho. Ufundi 1,000.

Makosa mawili siku moja.

La kwanza ni hilo la jicho. Tundu moja lilikuwa juu kwa robo inchi, na robo inchi inatosha kuufanya mfumbati ukae tenge. Dawa yake ni rahisi na nashangaa hatukuanza nayo: chukua kadibodi, iweke kwenye ncha ya mfumbati wa zamani, chora mzunguko wake na tundu kwa penseli, kata, kisha ihamishie kwenye ubao mpya. Fanya hivyo kwa kila ncha peke yake, zote nne. Usidhani zinafanana. Zangu hazikufanana hata mbili.

La pili ni mlango. Kitanda kikiwa na inchi 90 nje kwa nje, chumba cha inchi 120 kinabakiza 30. Mlango wangu unafunguka kwa ndani na una inchi 32. Kwa hiyo nilikuwa ndani ya chumba, na kitanda kizuri, na mlango usiofunguka zaidi ya upana wa bega. Fundi alikuwa nje na msumeno wake. Tulizungumza kupitia ule uwazi kama watu wa gereza.

Tukakata inchi 3. Sasa nje kwa nje ni 87, ndani 82, na mlango unapita na inchi moja ya kupumua. Inchi 82 kwa mtu wa inchi 76 zinatosha: vidole vya miguu vikinyooka havigusi kitu. Ubao mrefu husamehe, unaweza kuupunguza. Mfupi ndio usiosamehe.

Mei 24: Mbao mbichi

Siku chache nzuri, halafu kelele. Kila pumzi, kwii. Nikakaza bolti kwa spana. Baada ya siku tatu zimelegea tena. Leo nimetoa godoro nikaangalia: mfumbati wa kushoto umejipinda kama mkanda uliosokotwa, na kati yake na tendegu pameachia nafasi ya kupitisha sarafu.

Nilinunua mbao mbichi. Ilikuwa msimu wa mvua, mbao zilikuwa wazi chini ya mbingu, na mimi nikafurahia 75 kwa futi. Ubao ukikauka hupungua upana na unene, urefu karibu haubadiliki, na kama haukauki sawasawa pande zote hujipinda. Ukikauka ukiwa tayari umefungwa kwenye kitanda, basi unakivuta kitanda nao.

Nilijaribu kuufunga ubao kwenye meza kwa kamba na mawe ili unyooke. Usipoteze wikendi yako.

Namna ya kuutambua ubao mbichi, kama nilivyofundishwa baadaye na muuzaji mwingine: shika mbao mbili za kipimo kimoja, mmoja kila mkono; mbichi ni mzito waziwazi. Ugonge kwa kifundo cha kidole. Mkavu hulia, mbichi hunyamaza. Uguse ncha iliyokatwa. Ikiwa baridi na yenye unyevu, uache. Na uangalie ubao kwa urefu wake, jicho moja limefungwa, kama anayelenga bunduki. Jicho la ubao, kile kifundo cheusi cha tawi, lisiwe karibu na mahali pa bolti.

Juni 7: Mara ya pili

Saiprasi kavu, iliyokaa ndani ya banda, 110 kwa futi. Futi 16, 1,760. Kwa nini muuzaji hakuwa nazo nyingi? Akaonyesha kwa kidevu kuelekea upande wa mto. Gikomba imeungua mara nyingi, na moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Hapendi kulala na mali yote mahali pamoja, akasema, na akaendelea kupima.

Bodaboda 250. Fundi alipunguza hadi 800 kwa aibu, au kwa huruma. Vijiti, skrubu na chaga tulivihamisha kutoka kwenye mifumbati iliyopinda. Kadibodi nne zilitumika tena, na mara hii bolti ziliingia bila nyundo.

Nyongeza moja ambayo haikuwa na gharama: kati ya kila ncha ya mfumbati na tendegu lake nimeweka kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, nikakitoboa katikati bolti ipite. Mbao hazisuguani, na mvule wa mama haupati alama. Mahali chaga zinapokaa nimepaka sabuni ya kipande. Kimya.

Juni 14: Pengo la inchi 10

Kitanda kina inchi 82, godoro 72. Ile sponji ya Aprili ilikuwa na upana wa 12, ikapunguzwa kuwa 10. Kuikata: ibane kwa ubao mnyoofu hadi ilale, pitisha kisu kirefu cha mkate bila kusukuma, vuta tu. Upande wangu mmoja umetoka kama mwamba wa pale kwenye nguzo ya Vasco da Gama, Malindi, kwa kuwa nilisukuma.

Nilianza kwa kuiweka miguuni, kwa kuwa miguu ndiyo iliyokosa nafasi. Akili ya kawaida, na ni kosa. Godoro la zamani limeshuka kama inchi moja, sponji mpya ni ngumu, kwa hiyo visigino vilikuwa vinapanda ngazi. Tena kila ukisukuma kwa miguu pengo linafunguka, na usiku wa pili kisigino kilizama humo.

Nimeihamishia mchagoni, yaani upande wa kichwa. Sasa ile ngazi ya inchi moja iko chini ya mto, ambako hata inapendeza, na nyonga na mabega yote yako kwenye godoro moja. Sijui kwa nini maelezo yote niliyopewa yalisema miguuni.

Ili visiachane, fundi cherehani wa soko la Mutindwa ameshona mfuko mmoja wa kuvivalisha vyote viwili, na zipu upande mfupi. Kitambaa mita 5 kwa 180, yaani 900, kushona 400. Mpe vipimo vyako mwenyewe. Nilimwambia "godoro la nne kwa sita lakini refu", akanitazama kama niliyeagiza chapati ya mraba.

Juni 21: Shuka, na hesabu

Shuka za 4 kwa 6 hazifiki. Nimenunua ya 6 kwa 6 ya mitumba, 600. Upana inaning'inia sana lakini urefu unaingia chini ya godoro pande zote mbili. Blanketi ninalilaza kwa mshazari hadi nitakapopata la maana.

Jumla niliyotumia ni 10,490. Kama ningeanza na mifumbati mikavu, kadibodi, na tepu iliyopima mlango, ingekuwa 6,670. Tofauti, 3,820, ni viungio, matendegu ya muda, mbao mbichi na usafiri wake, na ufundi wa mara ya pili. Mifumbati iliyopinda nimempa mlinzi wa jirani, ameigeuza benchi. Benchi linayumba.

Kinachobaki: bolti za kukazwa kila mwezi hadi mbao zizoee, na mlango ambao bado unakwaruza kitakizo ukifunguliwa kwa hasira. Nimebandika kipande cha zulia kwenye mlango, kwa gundi inayotoka.

Jana mama alikuja kukagua mifumbati yake nyuma ya kabati. Akahesabu bolti, akalifunga gunia, halafu akaketi ukingoni mwa kitanda na kupima kwa shubiri kutoka mchagoni hadi miguuni, akihesabu kwa sauti ndogo. Akaniuliza mimi na mwanawe nani mrefu. Nikamwambia sijawahi kumwona.

"Hizi mbao zako," akasema, "ukihama unaenda nazo?"

Nimemwambia tutazungumza Desemba.